Tuliweka vidole, matapeli bado wanapiga

Mwishoni mwa mwaka 2019 nchi hii ilipanga foleni. Watu walidamka alfajiri kwenda ofisi za NIDA kusaka namba ya kitambulisho, wakatoka hapo kwenda kwa wakala wa laini kuweka kidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019. Ukomo uliwekwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Wazee ambao jembe limewasugua vidole walirudia na kurudia mpaka mashine ikasoma. Sababu waliyopewa ilikuwa moja na ilieleweka: kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana, ili anayefanya uhalifu kwa simu asipate pa kujificha.

Mwananchi alikubali, akatoa alichoombwa. Gazeti hili linauliza leo, kwa ukali unaostahili, waliompa ahadi hiyo wametimiza nini.

Simu bado inaita. Mpigaji anajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, anakutaja kwa majina yako yote matatu, anadai akaunti yako ya pesa ina hitilafu, anakuomba ubonyeze namba anazokutajia moja moja. Ukikata, anapiga kwa laini nyingine. Ujumbe nao hauishi. Kuna ule wa pesa inayotakiwa itumwe kwenye namba hii kwa sababu ile nyingine ina matatizo. Kuna baba mwenye nyumba aliyebadilisha laini na anataka kodi iingie huku. Kuna mganga aliyekuota usiku, Freemason wanaokusubiri wewe tu, na mwalimu asiye na jina anayesema mtoto wako ameanguka shuleni, atakimbizwa hospitali ukituma pesa ya dawa sasa hivi. Huyu wa mwisho ndiye mkatili kuliko wote. Hategemei tamaa ya mtu kama wenzake, anategemea upendo wa mzazi, na mzazi hana muda wa kufikiri.

Tunapolalamika, jibu tunalopewa ni lile lile: zuia namba.

Tulitazame jibu hilo kwa karibu, maana limerudiwa mno hata likaonekana ni suluhisho. Kwenye simu janja nyingi za Android unafungua orodha ya simu zilizoingia, unaibonyeza namba kwa muda, unachagua kuzuia na kuripoti kuwa ni taka. Ujumbe ni hivyo hivyo, na ule uliozuiwa unaenda kukaa kwenye folda yake pembeni. Kwenye iPhone unafungua maelezo ya mpigaji, unashuka hadi chini, unazuia. Tangu mwaka 2019 simu hizo zimekuwa pia na mpangilio wa kunyamazisha kila namba ambayo hukuisevu. WhatsApp ilileta wa kwake mwaka 2023. Ni vitufe vizuri na kila mwenye simu ya aina hiyo avijue. Mwenye mzazi mtu mzima amfundishe leo leo, akimkalia pembeni mpaka aweze mwenyewe.

Lakini kitufe hicho kinazuia namba moja, kwenye simu moja, baada ya kero kutokea. Tapeli ana rundo la laini. Ukimzuia saa nne asubuhi, saa tano anakupigia kwa nyingine, na jioni ile uliyoizuia inampigia jirani yako ambaye hajui lolote. Hakuna kilichobadilika mtandaoni. Laini yake iko hewani, akaunti yake ya pesa inapokea, na yule aliyemsajilia laini hajaulizwa swali.

Halafu kuna mamilioni wasio na hicho kitufe. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zinaonyesha kuwa laini zilizo hai nchini zimepita milioni 80. Nyingi kati ya hizo zimo ndani ya vitochi, viswaswadu vya tochi na redio ambavyo betri inakaa wiki. Baadhi ya vitochi vina orodha ya namba zilizokatazwa, imefichwa ndani ya menyu ya Kiingereza. Vingi havina kabisa. Na wenye vitochi nao wanalengwa: mkulima aliyetoka kuuza mpunga, bibi anayetumiwa hela ya matumizi na mwanawe aliye mjini, mlinzi wa usiku. Kumwambia bibi huyo azuie namba ni kumwambia anunue simu nyingine.

Hata mwenye simu janja, ule mpangilio wa kunyamazisha namba ngeni umetengenezwa kwa mtu mwenye mshahara. Fundi bomba hawezi kuuwasha, kwa sababu kila mteja mpya kwake ni namba ngeni. Bodaboda hawezi, mama lishe anayepokea oda za ofisini hawezi, dalali wa vyumba ndiyo kabisa. Kijana aliyesambaza barua za maombi ya kazi anaishi kwa kusubiri namba asiyoijua. Na sisi sote tunajua kwamba taarifa ya ndugu kulazwa au kufariki mara nyingi huja kwa simu ya muuguzi, ya jirani au ya mpita njia, kwa sababu ya mwenyewe imeisha chaji au imepotea palepale kwenye ajali. Hatuwezi kujifungia ndani. Ustaarabu wetu unataka simu ipokelewe, na aliyebipu apigiwe. Wanaopiga mlio mmoja kutoka nchi za mbali na kukata, ili upige wewe na salio lote liishe, wanavuna kwenye ustaarabu huo huo.

Kwa hiyo hatukubaliani na hoja kwamba kinga ya kwanza ni mtumiaji mwenyewe. Kampeni ya Sitapeliki, ambayo TCRA na wadau wake wameisimamia, ina mafunzo ya kweli ndani yake na haina ubaya. Jina lake tu ndilo linalotusumbua kidogo, kwa kuwa linamweka mtuhumiwa upande usio wake. Aliyetapeliwa hakushindwa mtihani. Aliibiwa kwa kutumia laini iliyosajiliwa chini ya sheria za nchi, ndani ya mtandao wenye leseni ya nchi.

Na hapa tufike kwenye kiini. Laini hizo zinatoka wapi, ikiwa kila moja ina kidole cha mtu?

Wanaoijua biashara ya kusajili laini mtaani wanajua jinsi inavyofanyika. Mteja anafika chini ya mwavuli, anaweka kidole, anaambiwa haijasoma, futa jasho uweke tena. Anaweka tena. Anaondoka na laini moja, kumbe nyuma yake imebaki nyingine kwa jina lake. Hiyo ya pili inauzwa ikiwa tayari imesajiliwa, kwa bei ya juu kidogo, kwa mtu asiyetaka kuacha kidole chake popote. Polisi wakiifuatilia wanafika kwa mama muuza vitumbua ambaye hajui hata namba yenyewe inaanza na tarakimu gani. Ndiyo maana mamlaka zimekuwa zikihimiza watu wapige *106# kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Ushauri ni mzuri. Ila tuusome vizuri: mwananchi anatakiwa akague kazi ya wakala ambaye kampuni ya simu ndiyo iliyomwajiri, ikampa mashine na ikamlipa kamisheni kwa kila laini anayosajili. Mkaguzi ni mteja!

Mashine ya usajili inajua nani aliingia kuitumia. Inajua saa. Kampuni inajua kwamba kidole kimoja kimesajili laini mbili ndani ya dakika tano, na inajua kwamba laini ya pili imewashwa mkoa mwingine siku iliyofuata. Taarifa za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli. Uhalifu ambao mkoa wake unafahamika, ambao kila simu yake inapita kwenye mnara wenye jina na mahali, hauwezi kuitwa uhalifu wa kizani. Polisi wamewahi kukamata watu katika maeneo hayo, na tunawapongeza. Lakini vijana wanaokamatwa na simu za mkononi ni tawi. Shina ni anayewauzia laini, na anayelinywesha ni aliyeamua kwamba idadi ya laini mpya kwa mwezi ina thamani kuliko uhalali wake.

Makampuni yatasema yanafungia maelfu ya namba. Kweli, namba zinazoripotiwa kwenda 15040 hufungiwa. Tunachodai ni hatua inayofuata. Mtu anapotuma namba ya tapeli pale, anastahili kurudishiwa jibu: imefungiwa, ilisajiliwa na wakala fulani, wakala huyo amesimamishwa. Bila jibu, mwananchi ataripoti mara moja, ataona kimya, na hatarudia. Kila mhariri aliyewahi kufungua sanduku la maoni na kulisahau anajua jambo hilo.

Sasa tugeukie usumbufu ambao hauna uhalifu ndani yake, au una uhalifu uliovaa tai.

Ni ujumbe wa matangazo. Bahati nasibu, kubeti, mikopo, viwanja vya Kigamboni, dawa za nguvu, semina. Unaingia saa sita usiku. Hautoki kwenye namba, unatoka kwenye jina. Na hapo ndipo mtumiaji anapogundua kwamba amefungiwa mlango: ukijibu neno la kuomba uondolewe, simu inakwambia ujumbe haukwenda, kwa sababu jina halina pa kupokelea jibu. Ukiamua kulizuia jina lenyewe, unaweza kujikuta umezuia na taarifa za miamala yako, pale ambapo mtoa huduma anatumia jina lile lile kukutangazia promosheni asubuhi na kukuthibitishia mchana kwamba kodi ya nyumba imefika. Kwa hiyo unaacha. Unafuta mmoja mmoja, kila siku, na siku moja katika kufuta huko unafuta ujumbe wa hospitali.

Hapa hakuna kisingizio cha laini feki. Jina la mtumaji haliokotwi barabarani. Lazima liombwe, liidhinishwe na lifunguliwe mtandaoni, na kila ujumbe unaotoka kwa jina hilo unalipiwa. Mtandao unamjua mtumaji, unamtoza, unamtolea ankara. Ile hoja kwamba kampuni ya simu ni njia tu, haihusiki na kinachopita, inaweza kujadiliwa kwa ujumbe wa mtu na mtu. Kwa ujumbe wa jumla unaouzwa kwa maelfu haina mashiko hata kidogo. Anayepokea nauli anajua amebeba nani.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu kizima, cha 20, kuhusu ujumbe usioombwa unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mwenye taarifa haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imezinduliwa na Rais mwenyewe, Aprili 2024. Tuna sheria, tuna chombo, tuna ofisi na nembo. Tunachosubiri ni siku Tume itakapoichukua kampuni moja yenye jina kubwa, iikute na hatia ya kuwatumia watu matangazo waliyoyakataa, iitoze faini inayouma na itangaze hukumu hiyo magazetini. Sisi tutaipa ukurasa wa mbele.

Majirani zetu wamekwisha kuonja dawa hiyo. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za Kenya. Kosa lilikuwa kuchukua majina na namba za watu kutoka kwa wengine na kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Si faini ya kuitikisa sekta, lakini ilikuwa na jina, ilikuwa na tarakimu, na kila mkopeshaji wa Nairobi aliisoma.

Huku kwetu mikopo hiyo tunaiita kausha damu, na simu zake ni za aina yake. Aliyekopa si wewe. Pengine ni mfanyakazi mwenzako wa zamani, pengine dereva aliyekubeba mara moja akaisevu namba yako. Alipopakua programu ya mkopo, ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake, akabonyeza ndiyo kwa sababu alikuwa anahitaji hela ya haraka. Siku ya deni kuchelewa, simu zinakuja kwako: mwambie mwenzako alipe, wewe ni mdhamini wake, tutakuanika. Hukuwahi kudhamini mtu. Unazuia namba, inakuja nyingine, wakati huo huo aibu ya mwenzako imesambazwa kwa shangazi yake, kwa bosi wake na kwa mchungaji. Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Ilikuwa hatua ya kiume na ya kike, tuliisifu. Lakini programu iliyofungwa kwa jina moja hurudi kwa jina jingine, na mwongozo usiofuatiwa na kesi ni karatasi.

Wapo wanaouliza namba zetu zinawafikiaje watu hawa. Si lazima pawe na mdukuzi. Tapeli wa kawaida namba anaitunga tu: anabadilisha tarakimu ya mwisho na kutuma, anabadilisha tena na kutuma. Na jina lako je? Akiiweka namba yako kwenye menyu ya kutuma pesa, jina linatokea lenyewe kabla hajathibitisha. Utaratibu huo uliwekwa kumlinda mtumaji asikosee, na unamlinda kweli, lakini umekuwa pia kitabu cha simu cha wezi. Halafu tazama daftari la wakala wa pesa, limelala wazi kaunta: jina, namba, kiasi, sahihi, na anayefuata kwenye foleni anasoma mistari yote ya juu. Tazama kitabu cha wageni getini kwa kila jengo la ofisi mjini, ambamo mlinzi anakudai namba ya simu ili uingie ghorofa ya tatu kupeleka bahasha. Nani anakitunza kikijaa? Kinafungiwa maandazi? Sheria ya 2022 inahusu na daftari, haihusu kompyuta peke yake. Ofisi za umma zingeanza kujisafisha zenyewe kabla ya kunyooshea wengine kidole.

Wengine wamekimbilia programu za kumtambua mpigaji, kama Truecaller ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 2009. Zinasaidia. Unaona jina, unaona neno la onyo jekundu, hupokei. Ila tusijidanganye kuhusu bei yake. Kabla hujaruhusu programu yoyote ya namna hiyo isome majina ya simu yako, kumbuka majina hayo si yako. Ni ya watu waliokuamini na namba zao, na hakuna aliyewauliza. Tukifika mahali raia wanalazimika kugawa namba za ndugu zao kwa kampuni ya kigeni ili walale bila kusumbuliwa, basi mdhibiti wa ndani ameacha pengo.

Pengo linazibika, wengine wameliziba. India, yenye laini zaidi ya bilioni moja, ina namba moja, 1909, ambayo mteja wa mtandao wowote anapiga au anaandika ujumbe kukataa matangazo, na simu za matangazo zimetengewa namba zinazoanza na 140 ili mpokeaji aitambue kabla ya kuinua. Singapore ilianza Januari 31, 2023 kudai kila jina la mtumaji lisajiliwe; ujumbe wa jina ambalo halijasajiliwa ukaanza kuwekewa onyo kwamba huenda ni utapeli. Marekani ndiyo inayotufundisha kinyume chake. Waliweka orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa mwaka 2003, watu wakajiandikisha kwa mamilioni, na simu za mashine zikazidi, kwa sababu mhalifu hasomi orodha. Ilibidi Bunge lao litunge sheria nyingine mwishoni mwa 2019, na kufikia Juni 30, 2021 kampuni kubwa zikalazimishwa kuweka mfumo unaothibitisha kwamba namba inayoonekana kwenye kioo ndiyo inayopiga kweli. Kero haijaisha huko, lakini mzigo umehamishwa kutoka kwa mpokeaji kwenda kwa mbebaji.

Tunajua yatakayosemwa. Mwenye duka la nguo Kariakoo atasema ujumbe wa jumla ndio tangazo pekee analoliweza, na hana hela ya redio. Tunamwelewa, na hatumtaki aache. Awatumie wateja wake waliokubali, mchana, kwa jina linaloweza kujibiwa, na aliyeomba kutoka atoke. Biashara inayokufa kwa kumwomba mteja ruhusa ilikuwa inakufa tangu zamani. Wengine watasema ukibana sana utazuia na taarifa za dharura, za mvua kubwa au za chanjo. Si kweli. Taarifa za dharura za serikali zinaweza kutengewa jina na njia yake, na zitasomwa zaidi siku zisipozikwa katikati ya matangazo ya kubeti.

Msimamo wa gazeti hili hauna mafumbo. Mtu atakayepokea tangazo awe amelikubali kwanza, na ukimya wake usihesabiwe kuwa ni ndiyo. Pawe na namba fupi moja kwa mitandao yote, ya bure, inayofanya kazi kwenye kitochi na kwa Kiswahili, ambayo mtu akiipiga matangazo yote yanakoma ndani ya saa 24. Jina la miamala litenganishwe na jina la promosheni, bila kuchelewa, kwa kuwa hilo halihitaji hata sheria mpya, linahitaji barua moja ya mdhibiti. Kampuni ya simu ibebe hasara ya mteja aliyeibiwa kwa laini ambayo usajili wake umethibitika kuwa wa hila. Hapo ndipo tutaona jinsi mashine za vidole zitakavyoanza kusoma mara ya kwanza! Na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo lipo kwa ajili yetu, lisikike likisema haya kwa sauti, mbele ya Bunge ikibidi.

Kwa msomaji: usingoje. Piga *106# kabla hujaliweka chini gazeti hili, na ukikuta laini usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika na kitambulisho chako, idai ifutwe. Anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja na hapigi kwa 100, mkatie. Namba yake itume 15040, kila mara, hata ukichoka. Mkopo wa simu usiuchukue kwa programu inayotaka majina ya ndugu zako. Hayo ni ya kwako na hakuna atakayekufanyia.

Yaliyobaki si ya kwako. Taarifa ya TCRA ya kila robo mwaka ina idadi ya laini na ina majaribio ya utapeli. Tunaitaka ijayo iwe na safu moja zaidi: mawakala wangapi wa usajili wamefutiwa kazi na kufikishwa mahakamani, na wa kampuni gani.